Kila mtu anataka namba tisa: Maisha ya beki kuanzia uwanja wa matope mpaka kustaafu

Leo naomba tuongee kitu ambacho vijana wengi wa soka hatukiongei. Tunaongea magoli, tunaongea usajili wa Simba na Yanga, tunabishana kutwa nzima nani mkali kati ya straika huyu na yule. Beki hatumuongelei mpaka siku akikosea.

Nenda uwanja wowote wa huku Nkunga jioni mvua ikikatika kidogo (si unajua Rungwe yetu, mvua ikikatika ni kama sikukuu). Waulize madogo nani anataka kucheza namba tisa. Mikono kibao. Nani anataka namba kumi? Mikono kibao. Nani anataka namba nne? Kimyaa. Mwisho anasukumwa mmoja mrefu, au yule ambaye mpira si wake, anaambiwa "wewe kaa nyuma". Mimi ni mmoja wa waliosukumwa hivyo, nimecheza nyuma tangu shule ya msingi mpaka namaliza kidato cha nne. Kwa hiyo haya mambo nayaandika kama mtu wa idara.

Ninachotaka kusema ni hiki: kazi ya beki ni kazi ya kuaminiwa. Straika anaweza kukosa magoli matano, akafunga la sita akabebwa juu juu. Beki akiokoa hatari kumi akakosea moja, tunakumbuka ile moja. Ndiyo maana kujenga jina kwa beki kunachukua muda mrefu. Lakini ukishaaminiwa unadumu, na hata ukivua njumu kuna watu bado watakuhitaji. Kijana asiyejua hilo atakata tamaa mapema, au ataliwa hela na matapeli wanaomwambia kuna njia ya mkato.

BEKI NI NANI HASA?

Kwa wale wageni wa soka, twende taratibu. Kwa namba zetu za zamani, namba mbili ni beki wa kulia, namba tatu ni wa kushoto, nne na tano ni mabeki wa kati. Siku hizi wachezaji wanavaa namba wanazotaka, lakini mtaani bado tunasema "anacheza mbili" na kila mtu anaelewa.

Beki wa pembeni wa leo ana kazi mbili. Anakaba winga, halafu timu ikipata mpira anapanda kupiga krosi, mpira ukipotea anarudi mbio. Kupanda na kushuka dakika 90, kwa hiyo pumzi kwanza. Mabeki wa kati wao wanacheza kama mtu na kivuli chake. Mmoja akitoka kwenda kukaba, mwenzake anabaki kulinda nyuma yake. Wakitoka wote wawili kwa pamoja, ni goli.

Kitu ambacho mtazamaji hakioni kwenye runinga ni mdomo. Beki mzuri anaongea muda wote. "Nyuma yako!", "Panda!", "Acha, wangu!" Mtego wa kuotea hauwezi kufanya kazi kama mmoja amelala. Mabeki watatu wakipanda na mmoja akabaki nyuma, yule straika yuko huru, na mwamuzi hana cha kupuliza. Kwa hiyo unaweza kuwa na mbio na mwili wa kutosha, lakini kama huongei, kocha atakuweka benchi.

Halafu kuna suala la kutorukaruka. Dogo anayejifunza beki anapenda kujitupa chini ili watu wapige makofi. Beki mkomavu anabaki wima, anarudi nyuma kidogokidogo, anamsukumia winga pembeni kwenye mstari, anasubiri mpira uachane na mguu ndipo aingize wake. Ukijitupa ukakosa umeshatoka mchezoni. Kwenye viwanja vyetu vya matope kuna somo lingine la bure: usimrudishie kipa pasi ya chini pale palipotuama maji, maana mpira utasimama katikati na straika anakuja.

KWETU TUKUYU TUNA HISTORIA

Kuna vijana wanadhani soka la Tanzania lilianza na Azam TV. Mwaka 1986 bingwa wa ligi ya Tanzania Bara hakutoka Kariakoo. Alitoka hapa kwetu, Tukuyu Stars, Banyambala, yaani wanaume. Kamji kadogo ka migomba na chai kaliwaacha Simba na Yanga wanatazamana. Tangu hapo timu ya Rungwe haijatwaa tena ubingwa huo. Mkoa wetu ulikuja kupata raha nyingine Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza msimu wake wa kwanza nafasi ya tatu, Uwanja wa Sokoine ukawa unajaa mpaka watu wanapanda miti.

Lakini mimi leo nataka jina moja. Shadrack Nsajigwa. Kwa mtu wa huku jina hilo halihitaji mkalimani. Nsajigwa ni aliyebarikiwa, na likitajwa redioni kila mzee wa Kinyakyusa anageuza shingo. Huyu bwana alikuwa beki wa kulia wa Yanga na Taifa Stars, na akafika kuwa nahodha. Mashabiki walimwita Fuso. Ile ile lori. Ukimkuta njiani, unampisha.

Desemba 2010 mashindano ya CECAFA yalichezwa Dar es Salaam. Kilimanjaro Stars wakafika fainali na Ivory Coast, ambao walikuwa wamealikwa. Matokeo yalikuwa 1-0, na lile goli moja lilikuwa la penalti. Nani aliipiga? Beki namba mbili, Nsajigwa. Timu ilikuwa na washambuliaji, lakini penalti iliyoamua kombe akapewa beki. Uwanja mzima unakutazama, nchi nzima inasikiliza redio, wewe unaweka mpira kwenye nukta. Hapo unaelewa neno "kuaminiwa" ninalolisema.

CANNAVARO WETU: HATUA KWA HATUA

Sasa tuchukue maisha ya beki mmoja tuyaone yote, mwanzo mpaka mwisho. Nadir Haroub Ali. Ukimtaja kwa jina hilo wengine watakuuliza ni nani. Sema Cannavaro, basi.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1982. Alianza soka lake huko visiwani, na mwaka 2006 akavuka maji kuja Yanga. Mwaka huo huo Italia walichukua Kombe la Dunia wakiongozwa na nahodha wao Fabio Cannavaro, beki wa kati ambaye hata si mrefu, ana mita 1.76. Italia ile ilicheza mechi saba na kuruhusu magoli mawili tu, moja la kujifunga na jingine la penalti ya Zidane kwenye fainali. Hakuna straika wa timu pinzani aliyewafunga mpira ukiwa unachezwa. Kijana wa Zanzibar kupewa jina hilo ni sifa, lakini pia ni mzigo, maana ukiteleza mara moja watu wanakucheka na jina lako.

Hatua ya pili ni kutoka nje. Mwaka 2009 alikwenda Vancouver Whitecaps ya Kanada, ambako alikuwepo pia Mtanzania mwenzake Nizar Khalfan. Wakati huo Vancouver ilikuwa bado haijaingia ligi kubwa ya MLS, iliingia mwaka 2011. Cannavaro hakukaa sana, akarudi Yanga. Watu wengine humchukulia mchezaji anayerudi kama aliyeshindwa. Mimi sikubali. Alirudi, na miaka yake mikubwa ikafuata.

Hatua ya tatu ni miaka ya unahodha. Yanga ilichukua ubingwa 2008, 2009, 2011, 2013, 2015, 2016 na 2017, na yeye alikuwa mtu wa klabu hiyo miaka yote hiyo ukiacha safari ya Kanada. Akavaa kitambaa cha unahodha cha Yanga na cha Taifa Stars. Na kwa kuwa Zanzibar hushiriki CECAFA kama timu yake, aliitumikia pia Zanzibar Heroes.

Mechi yake ninayoipenda ni ya Machi 2014. Al Ahly ya Misri, bingwa wa Afrika kwa miaka miwili mfululizo, 2012 na 2013, anakuja Dar. Mechi ngumu, haifunguki. Dakika zinayoyoma, beki anapanda juu, anapiga kichwa, 1-0! Aliyefunga ni Cannavaro. Kule Misri Yanga wakafungwa 1-0, wakatolewa kwa penalti. Roho iliuma, lakini kumbuka kwamba bingwa wa Afrika alipata goli moja tu katika mechi mbili. Hiyo ni kazi ya mabeki na kipa.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa Wamisri kuonja. Mwaka 2003 Simba waliwavua ubingwa Zamalek palepale Cairo. Simba walishinda 1-0 nyumbani, wakafungwa 1-0 ugenini, wakapita kwa penalti. Tunamkumbuka Juma Kaseja golini, na tuna haki. Lakini mbele yake walikuwepo akina Boniface Pawasa na Victor Costa, waliozuia usiku mzima ili mechi ifike kwenye penalti. Bila wao Kaseja asingepata nafasi ya kuwa shujaa.

Hatua ya nne ndiyo ngumu, na hakuna anayekufundisha. Januari 2016 unahodha wa Taifa Stars alipewa Mbwana Samatta, ambaye alikuwa ametoka kushinda tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Cannavaro akatangaza kustaafu timu ya taifa. Wadau walibishana sana wakati ule, wengine wakasema amesusa, wengine wakasema hakuheshimiwa jinsi alivyopewa taarifa. Mimi naona hivi: Samatta alistahili, na Cannavaro alikuwa na haki ya kuumia. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Beki anazoea kuwa yeye ndiye mlinzi wa nyumba, siku akiambiwa funguo zimehamia kwa mwingine, inauma.

Mwaka 2018 akatundika daluga kabisa. Yanga wakampa kazi ya umeneja wa timu. Nsajigwa naye alikuwa amekwisha kuwa kocha msaidizi hapohapo Yanga. Mabeki wawili wa timu moja, wote wakarudi kwa mlango wa kazi. Klabu inamkabidhi meneja pasi za kusafiria za wachezaji, posho, nidhamu kambini. Vitu kama hivyo humpi mtu kwa sababu ya chenga zake.

FEDHA NA SIFA VINAKWENDA WAPI?

Tusidanganyane. Pesa nyingi iko mbele. Angalia dunia: mwaka 2017 PSG walitoa euro milioni 222 kumnunua Neymar, mshambuliaji. Beki aliyenunuliwa ghali sana Uingereza ni Harry Maguire, Manchester United walilipa Leicester pauni milioni 80 mwaka 2019. Ni hela nyingi mno, lakini hazifikii hata nusu ya zile za Neymar. Na Maguire alivyosemwa vibaya kwa kila kosa, utafikiri pesa zilitoka mifukoni mwetu.

Ballon d'Or inatolewa tangu mwaka 1956. Mabeki walioipata ni watatu tu: Franz Beckenbauer mara mbili (1972 na 1976), Matthias Sammer 1996, na huyohuyo Fabio Cannavaro 2006. Tangu hapo hakuna. Virgil van Dijk alikaribia mwaka 2019, akawa wa pili nyuma ya Messi.

Kwa hiyo ukichagua kuwa beki, jua kwamba nyimbo za majukwaani hazitakuwa zako. Lakini kuna kitu straika anakionea wivu, nacho ni muda. Mbio zikipungua straika ameisha. Beki mbio zikipungua akili inakuwa imeongezeka, anajua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa. Paolo Maldini alianza AC Milan Januari 1985, akaacha 2009 akiwa na miaka 40, klabu moja tu.

Kwetu, mtazame Shomari Kapombe. Simba walimchukua 2011. Mwaka 2013 akaenda Ufaransa, AS Cannes. Mwaka 2014 akarudi, akasajiliwa Azam, na 2017 akarudi tena Simba. Katikati ya hapo kuna majeraha na kuna watu walishamzika kisoka. Agosti 2025 kwenye CHAN, Tanzania ikiwa mwenyeji, mechi na Mauritania ilikuwa inaelekea sare tasa, nani akafunga dakika za mwisho? Kapombe, beki wa kulia, miaka 33. Tukashinda 1-0, na Stars wakaenda mpaka robo fainali, wakatolewa na Morocco 1-0. Mastraika wangapi walioanza naye 2011 bado wapo?

VITU VITATU VINAVYOMMALIZA BEKI

Kwanza ni goti. Beki anageuka ghafla mara nyingi, maana yeye anafuata uamuzi wa mwingine. Mshipa wa ndani ya goti ukikatika ni upasuaji na miezi sita mpaka tisa nje, wakati mwingine zaidi. Kwenye soka la mchangani hakuna daktari, tunapuliziwa maji ya baridi tunaambiwa "simama mwanaume". Dogo, goti likivimba usicheze. Kocha atapata mwingine, wewe hutapata goti lingine.

Pili ni hasira. Beki anachokozwa, na baadhi ya mabeki wanajifunza ujanja mchafu, kufinya, kukanyaga, kutukana. Mwaka 2015 Juma Nyosso wa hapahapa Mbeya City alifungiwa miaka miwili kwa kitendo cha kumdhalilisha John Bocco wa Azam uwanjani. Miaka miwili kwenye maisha ya mchezaji ni mingi sana. Kamera siku hizi zipo kila kona, hata ndondo za vijijini watu wanarekodi kwa simu.

Na jua sheria ya kazi yako. Ukimchezea rafu mtu anayekwenda kufunga na hakuna mwingine wa kumzuia, ni kadi nyekundu. Ila tangu mabadiliko ya 2016, kama ni ndani ya boksi na ulikuwa unaugombea mpira kweli, inatolewa penalti na kadi ya njano. Ukimvuta jezi au kumsukuma, nyekundu iko palepale. Mabeki wengi wa mtaani hawajui tofauti hii, wanabaki kubishana na refa.

Tatu ni karatasi, na hapa naomba usome polepole.

MKATABA: HAPA NDIPO WENGI WANAPOLIWA

Soka letu sasa lina hela kuliko zamani. Mwaka 2021 Azam Media waliingia mkataba wa miaka 10 wa kuonesha Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Penye asali nyuki wanakuja, na nzi pia.

Kanuni za FIFA za usajili ziko wazi, na hizi chache kila kijana azikariri:

1. Mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka mitano. Kama hujafika miaka 18, hauzidi miaka mitatu. Akikuletea wa miaka saba, mrudishie.

2. Klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha mkataba, unaiandikia barua ya kuitaka ilipe ndani ya siku 15 au zaidi. Isipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Lakini lazima iwe maandishi, si kulalamika kijiweni.

3. Miezi sita ya mwisho ya mkataba wako unaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baadaye.

4. Mchezaji chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wake wamehamia huko kwa mambo yasiyo ya mpira.

5. Klabu zilizokulea tangu ukiwa na miaka 12 mpaka 23 zina mgawo wa asilimia 5 ukiuzwa kimataifa kwa ada. Kwa hiyo vilabu vidogo vya huku, sajilini watoto wenu rasmi! Kesho mmoja akiuzwa Ulaya mtakuja kulia mlango umefungwa.

Kwa nini nasisitiza ile ya nne? Kwa sababu imetokea nyumbani. Mtoto wa mama yangu mdogo ni beki wa kushoto, miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mguu wa kushoto mzuri kuliko wangu wa kulia, nasema ukweli. Jamaa mmoja akampigia simu, akajiita wakala, akasema amemuona kwenye video. Kuna majaribio Oman, inatakiwa shilingi laki nane za "fomu na viza", haraka, nafasi zimebaki mbili. Mama mdogo akaanza kuulizia bei ya ng'ombe. Yule ng'ombe ndiye maziwa yao, ndiye ada ya shule.

Dogo akanijia, "Kaka, nafasi kama hii inakuja mara moja. Ongea na mama auze."

Nikamwambia, "Mimi na wewe tumuulize jamaa kwanza mambo mawili. Namba ya leseni yake ya FIFA, na jina la klabu iliyokuita, kwa barua yenye mhuri."

Tukampigia, simu ikiwa kwenye spika. Nikamsalimia vizuri tu, nikauliza. Akasema hayo ni mambo ya kiofisi. Nikamuuliza pia mtoto wa miaka 16 atasajiliwaje Oman wakati FIFA inakataza. Simu ikakatika. Tulipopiga tena haikupatikana.

Ng'ombe yupo, anakamuliwa mpaka leo. Lakini dogo alinuna wiki nzima, na mpaka sasa kuna siku ananitazama kama mimi ndiye niliyemzibia njia. Namwelewa. Ukiwa na miaka 16 huku kijijini, mtu mmoja aliyekwambia "nimekuona" anaingia moyoni kuliko kaka anayekwambia "subiri". Matapeli wanajua hilo, ndiyo mtaji wao. Kwa hiyo nawaandikia na wengine: wakala wa kweli ana leseni, na majina ya wenye leseni yanaonekana kwenye tovuti ya FIFA, dakika tano za kafe zinatosha. Hakimbilii mfukoni mwa mama yako. Klabu inayokutaka ndiyo inayokugharamia.

SASA BEKI WA NKUNGA AANZIE WAPI?

Njia ipo, ila ni ndefu. Unacheza shuleni, UMITASHUMTA kwa msingi, UMISSETA kwa sekondari. Unacheza klabu iliyosajiliwa wilayani, kisha ligi ya mkoa. Ukionekana hapo kuna ngazi za juu. Tazama mabeki wa Yanga waliocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na USM Alger, wakakosa kombe kwa kanuni ya goli la ugenini tu. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union ya Tanga mwaka 2020. Dickson Job alitoka Mtibwa Sugar 2021. Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM ya Zanzibar 2022. Hakuna aliyeokotwa kwa simu ya ajabu. Wote walionekana wakicheza kwenye timu zao wiki baada ya wiki.

Na njia ya nje ipo pia, kwa utaratibu. Novatus Dismas alipitia Azam, akaenda Israel, Ubelgiji, na msimu wa 2023/24 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk, akitumika beki wa kushoto na kiungo. Ngazi moja moja.

Halafu shule. Najua mnaniona kama mwalimu wa zamu, lakini ngoja. Kazi za baada ya mpira, ukocha, umeneja, uamuzi, zote zina makaratasi na kozi. Kozi za ukocha zina madaftari na mitihani. Beki aliyeacha shule kidato cha pili kwa ajili ya "majaribio" atafika miaka 35 akiwa na goti bovu na hana cheti hata kimoja. Beki mwenye cheti chake anaweza kubaki kwenye mpira mpaka mvi.

Kwa leo naishia hapo, muda wangu wa mashine unakaribia kwisha na jamaa wa kafe ameshaanza kunikodolea macho. Ila nina ombi moja kwa wadau, hasa wenye wazazi na wajomba waliokuwepo Tukuyu mwaka 1986. Waulizeni mabeki wanne wa Tukuyu Stars ile walikuwa nani, namba mbili, tatu, nne na tano. Nimeuliza wazee watatu mpaka sasa, wote wananitajia wafungaji. Anayejua aandike majina hapo chini kwenye maoni, tuwaweke mahali watu wawaone.